Ombi la Kuondolewa kwa Mwalimu Mkuu Anayesalimia Watu

Shule ya Wavulana ya Nyansakoro,
Njia ya Magwagwa,
Nyamira.

Kwa Mkurugenzi wa Elimu.

Mheshimiwa,

KUH: BI. BENTA ODERO, MWALIMU MKUU, AONDOLEWE KABLA HAJATUMALIZA

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kikombe cha chai kikiwa karibu, maana ni ndefu na inaumiza.

Mimi ni Duncan Ombati, naibu wa mwalimu mkuu anayesimamia nidhamu. Kazi hiyo nimeifanya chini ya walimu wakuu watano, na kila mmoja wao aliiacha shule kama alivyoikuta, jambo ambalo si rahisi. Shule yetu ilikuwa na jina. Ukishuka Keroka ukasema unatoka Nyansakoro, watu walikuwa wakishika mifuko yao. Siku hizi wanakuuliza kama kuna nafasi ya Gredi ya Kumi.

Bi. Odero aliletwa mwanzoni mwa mwaka. Anatoka upande wa ziwani. Mimi sina neno na watu wa ziwani, samaki wao nala. Lakini wazazi, wakiongozwa na Mzee Ogoti ambaye shamba lake limepakana na letu, waliona haifai shule yao kupewa mgeni. Siku aliyofika walikuwa wamefunga lango kwa mnyororo na kushika matawi. Mimi nilikuwa ndani, nikiwaunga mkono kupitia dirishani.

Nilitarajia mama yule ageuze gari. Badala yake alishuka, akaushika ule mnyororo, akaupima mkononi, akasema, "Huu ni mnyororo imara. Naona shule hii ina watu wanaoipenda. Kiongozi wenu ni nani?"

Mzee Ogoti alikuwa amejiandaa kutukanwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni yeye.

"Basi Baba, nisaidie. Nimetoka mbali, na sijui hata choo kiko wapi."

Mheshimiwa, nani anaweza kumzuilia mwanamke wa umri ule njia ya chooni? Mzee Ogoti alifungua mnyororo kwa mkono wake mwenyewe, akatangulia mbele, na maandamano yote yakafuata nyuma. Walipofika wakaona hali ya choo, wakaziba pua. Kisha wakaanza kulaumiana. Kufikia jioni wazazi waliokuja kumfukuza walikuwa wamevua makoti wanachimba choo kipya, na Bi. Odero anawapitishia chai.

Hivyo ndivyo alivyoingia. Sasa niruhusu nitaje aliyoyafanya tangu hapo.

1. Salamu. Kila asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, huanzia mlangoni mwa bweni, kisha huja langoni kwa wale wa kutwa, akiwasalimu wavulana kwa majina. Ubaya wa salamu ni kwamba zinaambukiza. Zamani viatu vyangu vilitosha. Nikipiga hatua mbili kwenye veranda ya Kidato cha Tatu, veranda ilibaki tupu, na hata kuku wa mpishi walijua pa kwenda. Sasa wavulana wanakuja upande wangu. Narudia, wanakuja. Mmoja alinifikia akaniuliza, "Sir, umelalaje?"

Katika maisha yangu yote ya ualimu hakuna aliyewahi kuniuliza nimelalaje. Nilimwamuru apige magoti. Akapiga, na akiwa pale chini akaniuliza tena, kwa sababu sikuwa nimemjibu.

Jioni nilimweleza mke wangu, Gesare, nikitarajia tukasirike pamoja. Akaweka sufuria chini, akanitazama. "Kwani ulilalaje?" Ikabidi niseme kwamba mgongo unanisumbua. Sijui habari ilipitia wapi, lakini kesho yake shule nzima ilikuwa ikijua habari za mgongo wangu. Nikisimama mahali kidogo tu, wananiletea kiti. Nimejaribu kumkemea mtu nikiwa nimeketi. Haiwezekani.

2. Kuku wa Nyakerario. Kuna kijana anaitwa Osoro. Mwaka jana nilimwambia aende nyumbani mpaka atakapoitwa, na nikawa makini nisimwite. Kosa lake lilikuwa kulala darasani kila siku bila hata kujificha. Bi. Odero aliposoma majina darasani akakuta kiti chake kitupu.

"Huyu yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko kwao, Madam."

"Twende tumwone."

Nikamweleza kwamba mwanafunzi ndiye anayekuja shuleni, shule haiendi kwa mwanafunzi. Akaniambia nitafute gambuti za kukanyagia tope. Tukateremka mabonde yale ya nyuma ya Magwagwa, mimi nikiteleza, yeye akiuliza njia, mpaka tukamkuta Osoro katikati ya shamba la mtu, kikapu mgongoni, akichuma majani chai. Anaishi na nyanya yake, Nyakerario, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Kumbe kijana alikuwa akichuma chai alfajiri kabla ya kuja shuleni, ndipo wapate chakula. Hayo hayakuwa mambo ya ofisi yangu, na sikuwa nimeyauliza.

Lalamiko langu ni hili. Yule mama mzee alinishika mikono yote miwili. Alidhani mimi ndiye niliyefunga safari kumtafuta mjukuu wake. "Mbuya mono, mwalimu," akasema, akinishukuru kwa lugha yetu, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili mgeni asikie. "Nilijua mmoja wenu ataona kwamba mtoto hayuko."

Nilianza kumweleza kwamba mimi ndiye niliyemwondoa. Bi. Odero akakohoa. Tukachinjiwa kuku, na firigisi nikapewa mimi, kama mkwe aliyekuja na ng'ombe. Mheshimiwa, kuku alikuwa mtamu sana, na hapo ndipo uharibifu ulipo. Mtu atawezaje kufukuza mwanafunzi baada ya kulishwa hivyo? Tangu siku ile, nikishika kalamu ili nimrudishe kijana kwao, nasikia harufu ya mchuzi. Naiweka kalamu chini. Osoro sasa anakula asubuhi jikoni mwa shule, chai anachuma Jumapili tu, na darasani anainua mkono mpaka walimu wamechoka.

3. Mgomo. Hili ndilo linalonikosesha usingizi, mbali na mgongo. Kila mtu anajua muhula wa pili ni muhula wa migomo, nami nimeyapanga maisha yangu kwa kuufuata. Mitihani ya majaribio ikikaribia, huwa napeleka pikipiki yangu kwa shemeji, naondoa mapazia ofisini na kumwachia Gesare nambari ya chifu. Mwaka huu nilifanya yote hayo. Nikavaa viatu vya kukimbilia. Nikangoja.

Hakuna kilichotokea. Nikaingia kwa Bi. Odero nikamtahadharisha kwamba kimya kile si cha kawaida. Akasema wavulana wanasoma. Nikamwambia ndivyo wanavyoanza.

Mwishowe nikamwita Fred, rais wa wanafunzi, nikamuuliza kwa upole mgomo ni lini.

"Sir, hatuna form ya kustrike," akasema. "Tuko na mechi Jumamosi."

"Na maharagwe je?" Maharagwe yetu yana historia. Wadudu wake wamewaangusha walimu wakuu wawili.

"Sir, Ijumaa tunayachambua na Madam. Na yeye anakula hayo hayo."

"Maji?"

"Tangi lililokuwa likivuja lilizibwa."

Nikaona nijitoe mhanga. "Na mimi? Hamna neno dhidi yangu?" Ieleweke kwamba zamani jina langu lilikuwa la kwanza katika madai yote. Walimu wakuu walikuja wakaenda, lakini mimi sikuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili.

Fred akainama. "Sir, tulikujadili kwa kikao. Lakini kijana mmoja akasema mgongo wako unauma. Tukapita, tukaenda kwa mambo ya jezi."

Nimepitwa, Mheshimiwa. Jezi zimejadiliwa kuliko mimi.

Ili kuokoa desturi ya shule, niliketi nikawaandikia mimi mwenyewe rasimu ya madai, nikatia humo wadudu, supu nyepesi, ukali wa Bw. Ombati na kuondolewa kwake mara moja. Wakairudisha kesho yake ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mahali nilipoandika "madai yetu haijasikizwa" waliweka "hayajasikizwa". Supu wakaikata kwa sababu siku hizi ni nzito. Ukali wangu waliuwekea alama ya kuuliza. Na chini kabisa wakaandika, "Jaribio zuri, Mwalimu. Jitahidi katika upatanisho wa sarufi."

4. Ng'ombe katika gwaride. Kiboko tuliagizwa na serikali tukiache, nasi tulikiacha kadiri tulivyoweza. Bi. Odero amekiacha kabisa. Utaratibu wake ni kwamba mwenye kosa anaeleza alichofanya, kisha anachagua mwenyewe namna ya kulirekebisha. Wengi huchagua kupunguza ua wa michongoma ulio upande wa kwa Mzee Ogoti, kwa sababu kule kuna kivuli.

Tatizo ni kwamba wamekuwa waaminifu kupita kiasi. Mmoja alikuja ofisini kujishtaki kwamba alimfikiria vibaya mwalimu wa Hesabu. Nikamuuliza alimfikiria nini. Akasema hilo ndilo linalomwaibisha. Akaenda akakata ua. Wengine walikuja na makosa waliyoyafanya shule ya msingi. Walipomaliza yao wakaanza kukata kwa niaba ya ndugu zao. Ua ulipungua, ukapungua, mpaka siku moja nikatazama nikamwona Mzee Ogoti ameketi kwake anakunywa uji, hakuna kitu kati yetu.

Ng'ombe wake wakaingia. Wavulana, ambao sasa wanasalimia chochote chenye uhai, wakawasalimia. Ng'ombe wakarudi kesho yake. Hivi ninavyoandika, kengele ya gwaride ikilia wanakuja wenyewe, wanasimama nyuma ya Kidato cha Nne, na lazima niseme mstari wao umenyooka kuliko wa walimu. Wimbo wa taifa ukianza wanaacha kutafuna.

Mzee Ogoti alikuja kwangu akiwa na huzuni. "Mwalimu, mmewafanya nini hawa wanyama? Nikiwafokea, hawatoki. Wananiangalia tu."

"Wanangoja nini?"

"Wanangoja niseme vizuri."

Imembidi ajifunze. Anasema maziwa yameongezeka, lakini heshima yake zizini imekwisha.

5. Michezo. Kwa miaka mingi wavulana waliruka ukuta wa nyuma kwenda kununua mandazi kwa Lorna, ambaye kibanda chake kiko barabarani. Bi. Odero hakuinua ukuta wala hakumfukuza Lorna. Alimpa meza ndani ya shule wakati wa mapumziko. Ukuta ule ndio uliotutolea mabingwa wa kuruka juu wa kaunti nzima. Mwaka huu kijana wetu aliangusha ufito, akauokota, akauomba radhi.

6. Shukrani. Kikao cha walimu sasa huanza kwa mwalimu mmoja kumshukuru mwenzake. Tulipoambiwa hivyo mara ya kwanza, kila mtu akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. Kisha akasimama Bw. Walter wa Kemia.

Nikueleze kuhusu Bw. Walter. Sisi wawili hatukuwa tukisemezana. Chanzo ni mahali pa kuegesha pikipiki. Uadui wetu ulikuwa umekomaa, umetulia, hausumbui mtu. Walimu wapya walionyeshwa uadui huo siku ya kwanza kama wanavyoonyeshwa maktaba.

"Namshukuru Ombati," akasema, bila kunitazama. "Mtoto wangu alipolazwa kule Kisii, kuna mtu alishika vipindi vyangu vyote vya Kidato cha Nne. Hakusema. Lakini nilirudi nikakuta ubao haujafutwa, na mwandiko ule naujua."

Mheshimiwa, nilikuwa nimefundisha vipindi vile mlango ukiwa umefungwa, ili mtu asijue. Na Kemia yenyewe siijui vizuri, nilisoma usiku kucha. Watu wakapiga makofi. Bw. Walter akavuka chumba akanipa mkono, nami sikuwa na la kufanya ila kuupokea. Nikatoka nje kwa sababu vumbi lilikuwa limeingia machoni. Ilikuwa ikinyesha, lakini vumbi la Nyamira halitabiriki.

Nauliza, uadui uliojengwa kwa subira hivyo utavunjwaje asubuhi moja? Sasa tunaegesha pikipiki zetu bega kwa bega. Yake inavuja mafuta juu ya yangu, nami nimenyamaza.

7. Nyumbani kwangu. Nilidhani lango la shule lingeyazuia mambo haya. Gesare alihudhuria siku ya wazazi, akarudi na maarifa. Sasa kabla ya chakula cha jioni, kila mtu mezani lazima amwambie mwenzake jambo jema. Zamu yangu ilipofika niliusifu ugali. Nikaambiwa ugali si mtu. Watoto wakaniangalia kama wale ng'ombe. Hatimaye nikamwambia Gesare kwamba kicheko chake ndicho kilichonifanya niende kwa baba yake na wazee, na kwamba sijakisikia siku nyingi. Alicheka mpaka mboga ikaungua. Tulilala njaa, sote tukiwa na furaha. Hii si hali ya nyumba ya mtu wa nidhamu.

Nikijumlisha yote hayo, naona wazi kwamba mama huyu ni hatari. Leo wavulana wanasalimia. Kesho watamaliza shule waende Kisii, waende Kisumu, waende Nairobi, wawe makarani na polisi na makondakta, nao watasalimia. Watu wataingia katika ofisi za serikali na kuulizwa wamelalaje. Nchi haijajiandaa. Kwa hiyo naomba:

(a) Bi. Odero ahamishwe haraka, hata kama ni kwa kupandishwa cheo.

(b) Hilo likishindikana, ofisi yako ituidhinishie mgomo mdogo, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, usiovunja kitu. Mimi mwenyewe nitausimamia. Wavulana wakikosa nafasi kwa sababu ya masomo, nitagoma peke yangu, mradi niruhusiwe kuketi.

(c) Hilo nalo likishindikana, nihamishwe mimi. Nipelekwe shule iliyoharibika vizuri, ambako mtu mwenye ujuzi wangu anaweza kuogopwa kwa amani mpaka astaafu.

Nisalimie wote ofisini: katibu wako mwenye kikohozi, na ningependa kujua kama kimepungua, dereva wako, aliyenipa lifti wakati ule barabara ilipokatika, yule askari wa mlangoni ambaye hunikataza kuingia kila nikija, mwambie nimemkumbuka na simwekei kinyongo. Msalimie na mama watoto. Samahani kwa salamu nyingi. Naandika haya na mkono haunisikii.

Mimi ninayeumizwa na wema,

Duncan Ombati,
Naibu wa Mwalimu Mkuu (Nidhamu),
na Kaimu Msimamizi wa Ng'ombe wakati wa Gwaride.

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha, ikabidi niifungue. Muda mfupi uliopita gari limesimama hapa, wakashuka wazee wa bodi ya shule moja ya huko Nyamarambe, wamevaa suti. Wakaniambia shule yao imeharibika, kwamba wamesikia habari za Bi. Odero, na kwamba wamekuja kumwomba ahamie kwao. Wakasema baada ya hapa wanakuja kwako. Bi. Odero alikuwa ofisini mwake, karibu tu, namsikia akicheka na mpishi. Nikawaambia yuko kwenye mkutano kiwanda cha chai, wapitie Keroka, kisha waulize tena mbele. Nadhani bado wanauliza. Wakifika kwako, tafadhali wasomee malalamiko yangu yote, hasa lile la ng'ombe, waambie huyo mama hafai, wasithubutu. Kisha ichane barua hii na umwache hapa hapa. Mzee mmoja wao, kabla ya kuingia garini, alinishika mkono akasema sasa ameamini waliyoyasikia kuhusu shule hii: hata mwalimu wa nidhamu anakuelekeza njia huku akitabasamu.